Ndege wa Nakuru na Kinangop walivyosaidia kutegua vitendawili vya Darwin

CHARLES Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu asili ya viumbe mnamo 1859, alikiri kuwa wadudu wasiozaa, kama vile sisimizi wafanyakazi, walimtatiza mno. Iwapo sifa za kiumbe hurithiwa na watoto wake, sifa za mdudu tasa hudumu vipi kizazi baada ya kizazi?

Kitendawili cha pili alikishughulikia katika kitabu cha 1871: mbona ndege dume wa aina fulani wana mikia mirefu inayowalemea warukapo na kuwaanika mbele ya adui?

Zaidi ya karne moja baadaye, sehemu muhimu ya majibu ilipatikana katika Bonde la Ufa.

Kitendawili cha kwanza tunacho mizingani mwetu. Malkia mmoja hutaga mayai, pengine zaidi ya 1,000 kwa siku, ilhali maelfu ya binti zake huchuma chakula, hulea wadogo zao na kufa wakilinda mzinga. Utiifu huo hudumishwa kwa ishara. Malkia hutoa harufu maalumu, feromoni, ambayo wanaomhudumia huisambaza mzingani kote. Ujumbe wake ni kwamba mama yupo na anataga.

Harufu hiyo ikitoweka, wafanyakazi huteua mabuu machanga na kuyalisha hadi apatikane malkia mpya. Wakikosa mabuu, baadhi yao huanza kutaga, lakini kwa kuwa hawajapandwa na dume, kwa kawaida mayai yao huangua madume pekee. Ndiyo maana mrina asali anayeua malkia na kuharibu masega yenye watoto huwa ameangamiza kundi zima.

Mwanabayolojia Mwingereza W. D. Hamilton alitoa hoja mnamo 1964 kwamba urithi haupitii kwa watoto pekee. Ndugu nao hubeba sehemu ya urithi ule ule, hivyo anayemsaidia mama yake kulea anajiendeleza mwenyewe kwa njia ya mzunguko. Nyuki wa baba na mama mmoja hushiriki robo tatu ya urithi wao, kwa sababu nyuki dume huanguliwa kutokana na yai lisilorutubishwa. Hata hivyo, malkia hupandwa na madume wengi, kwa hivyo wengi wao ni ndugu wa mama mmoja tu.

Je, hesabu hiyo huwafaa wanyama wengine? Stephen Emlen na Peter Wrege wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliichunguza karibu na Nakuru na Gilgil miaka ya 1970 na 1980. Walimfuatilia keremkerem mwenye paji jeupe na koo jekundu, ndege ambaye, ajabu ni kwamba, hula nyuki. Ndege hawa hutoboa mashimo kwenye kingo za udongo na kuishi kwa koo za vizazi kadhaa.

Watafiti hao waligundua kuwa ndege asiye na kiota chake husaidia kulisha makinda ya wengine, na akiwa na nafasi ya kuchagua, humsaidia jamaa wa karibu zaidi. Jike aliyeolewa katika ukoo mwingine hajishughulishi sana na makinda ya wakwe.

Mnamo 1992 walieleza jambo la kushangaza zaidi: baba huweza kumsumbua mwanawe anayeanza kujenga, hata kumzuia mlangoni, hadi aache kiota na kurudi nyumbani kulea wadogo zake. Mwana hukubali kwa kuwa hapotezi sana. Nduguye wa baba na mama mmoja yuko karibu naye kiurithi sawa na mtoto wake mwenyewe.

Kitendawili cha pili kilipata jibu kwenye uwanda wa Kinangop, juu ya Naivasha. Huko huishi ndege mweusi wa nyasi ambaye mkia wa dume hufikia takriban nusu mita msimu wa kuzaana. Malte Andersson, mtafiti kutoka Uswidi, alichukua madume 36, akawapunguzia baadhi mikia na kuwaunganishia wengine vipande hivyo kwa gundi. Matokeo, yaliyochapishwa mnamo 1982, yalionyesha kuwa majike wengi zaidi walijenga viota katika maeneo ya madume waliorefushiwa mikia. Mkia, basi, ni ishara, na jike ndiye mwamuzi.

Ushahidi huo ulitegemea mazingira ambayo wengi huyaona hayana thamani: ukingo wa udongo na uwanda wa nyasi. Ukingo ukibomolewa kwa ajili ya mchanga, ukoo mzima wa keremkerem hupoteza makao. Nako Kinangop, sehemu kubwa ya nyasi imekwisha kulimwa. Mkulima ana haki ya kula jasho lake, lakini ni vyema ajue pia kilichokuwa kikiishi shambani kabla ya jembe.