Kesi ya 'mzee' ofisini na historia ya kuitana kazini

Mwaka jana niliombwa kuketi katika kamati ya nidhamu ya taasisi moja jijini Nairobi. Mshtakiwa alikuwa kijana wa miaka 25. Meneja wake, mwanamume wa miaka 54, alikuwa amemtumia ujumbe wa simu akiulizia ripoti, naye kijana akajibu: "Poa mzee, ntaicheki kesho." Kesho yake akapokea barua ya onyo kwa utovu wa adabu.

Sisi wa rika la juu tulidhani tatizo ni hiyo "poa." La hasha! Meneja alipobanwa kidogo alikiri kuwa lililomchoma ni "mzee." Kijana naye akashangaa kweli kweli: "Lakini mzee si heshima?" Kila mmoja alikuwa na hoja, na chanzo cha hoja zao kimeanza zamani kuliko umri wao wote wawili.

Katika jamii zetu nyingi, uzee haukuwa hesabu ya miaka pekee. Ulikuwa ngazi. Mtu aliupanda pamoja na rika lake, na alipofika alikuwa na kiti barazani: Njuri Ncheke kwa Wameru, kambi katika kaya za Wamijikenda, wazee wa mji kule pwani. Aliyetoa amri kwa kawaida ndiye aliyekuwa ameishi zaidi. Ndiyo maana neno "mkubwa" hadi leo lina maana mbili, aliyetangulia kuzaliwa na aliye na madaraka. Zamani hazikuhitaji kutenganishwa.

Ajira ya kikoloni ndiyo iliyozitenganisha. Kipande kilipoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume aliandikishwa na kuningʼiniza shingoni kijaluba chenye karatasi zake. Karatasi hizo zilijali saini ya mwajiri. Rika la mtu halikuwa na uzito. Mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mlowezi wa umri wa mwanawe. Tukumbuke pia kuwa mwaka wa 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ilhali mashambani bara kulikuwa kukisitawi Kiswahili kingine kabisa, Kisetla, lugha ya "lete," "kuja," "ondoa." Mwaka wa 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kilichowalenga wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Orodha hiyo ya wasomaji inatosha kutuonyesha nani alitarajiwa kusema na nani alitarajiwa kusikiliza. Kiswahili kina njia nyingi za kuomba bila kuamuru ("naomba uniletee," "hebu nisaidie"). Kisetla kilizikata karibu zote. Nathubutu kusema kwamba mabosi wetu wengi, Waafrika watupu, wangali wanatoa amri kwa sarufi hiyo.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, "Mzee" pasipo jina lolote lilitosha kumtaja Jomo Kenyatta. Ofisi nazo zikaiga. Wakenya waliposhika nafasi za Wazungu, vijana waliotoka chuoni walijikuta juu ya makarani wa umri wa baba zao, nao wakaitwa wazee. "Mzee yuko?" mgeni aliuliza mlangoni, na mzee mwenyewe pengine hajafika miaka 35. Neno likahama kutoka kwenye mvi hadi kwenye kiti.

Wenzetu wa Tanzania walifuata njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, "ndugu" lilienea kazini kwa nia ya kupunguza tofauti za vyeo. "Shikamoo" nayo haikuondoka. Hadi leo mkurugenzi kijana humwamkia dereva wake mzee, akajibiwa "marahaba," kisha akamtuma. Umri umepewa haki yake na cheo kikapewa chake. Huku kwetu bara, shikamoo ni ya insha. Mwanafunzi huiandika vizuri sana, akapata alama zake, kisha akatoka darasani akasema "niaje."

Na hapo ndipo Sheng inapoingia. Vijana wa Eastlands na kwingineko walichukua "mzee" wakaitumia kwa wenzao, kama vile watu wazima walivyoichukua "bwana" zamani. Hebu fikiria: "bwana" lilikuwa jina la mwenye mamlaka, na mlowezi alilidai kwa ukali. Leo mama humwambia shoga yake sokoni, "Wacha bwana!" na hakuna anayeketi kamati. Hata "boi," tusi lile la jikoni, kijana wa leo humwita rafiki yake wa dhati "boi yangu." Maneno ya kuitana huchakaa upesi kuliko mengine kwa sababu hutumika kila saa.

Kwa hivyo kijana wetu, alipoandika "mzee," huenda alikuwa akimpa meneja heshima, au akimkaribisha katika urafiki, au yote mawili. Meneja alisikia jingine. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, lakini hofu haikupanda nayo. Kwa mtu wa miaka 54, "mzee" lina harufu ya sherehe ya kuagwa. "Sikusomea hadi hapa niambiwe nimezeeka," alituambia.

Tulipendekeza barua ifutwe. Mwenyekiti akamtaka kijana amuulize meneja angependa kuitwaje. Meneja akafikiri kitambo, akajibu, "Bosi inatosha." Kijana akakubali, ingawa usoni alionyesha kuwa hilo ndilo neno alilolikwepa kwa makusudi.

Wakati huo tarishi wa ofisi, mwanamume aliyebakisha miezi michache astaafu, aliingia na birika la chai. Meneja akamwita kwa jina la kwanza, jina tupu, akamwambia, "Leta sukari." Kijana aliinuka kumpokea trei.