Udhaifu mpya baada ya polio ya utotoni

Sisi tuliougua polio utotoni tulizoea magongo, tukadhani ugonjwa umekwisha. Kumbe miaka 15 hadi 40 baadaye udhaifu mpya unaweza kuanza: misuli inalegea, hata ya mguu tuliouita mzima, viungo vinauma, baridi inatutesa, na uchovu hauishi kwa usingizi. Madaktari huuita sindromu ya baada ya polio. Si uchawi, na hatuambukizi mtu. Neva zilizopona zilibeba kazi ya zile zilizokufa, sasa zimechoka. Ndiyo maana kutuambia “jikazeni” kunatuumiza. Mazoezi yawe mepesi, tupumzike kabla ya kuishiwa nguvu. Anayekwenda kupasuliwa amwambie daktari mapema kwamba aliugua polio, kwani dawa ya usingizi inaweza kumlemea.