Presha ya Uzazi: Jina Lisiloishia Chumba cha Kujifungulia

Mama mjamzito anapofika kliniki ya Ekerenyo, Manga au kwingineko katika kaunti ya Nyamira, hupimwa uzito, presha na mkojo, kisha matokeo yakaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukaonyesha protini, daktari huandika neno priklampsia. Mwenye kijitabu huzungumza Ekegusii nyumbani na Kiswahili kliniki. Neno hilo halimwambii kitu katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo huambiwa ana presha, au huonywa kwamba asipoangalia atapata kifafa cha mimba.

Kifafa cha mimba ndiyo tafsiri iliyozoeleka ya eklampsia, hatua ambapo mwanamke huanguka, akakakamaa na kutetemeka mwili mzima. Asili ya neno la kitabibu ni Kigiriki, lenye maana ya mmweko wa ghafla. Kiswahili kilichukua kinachoonekana na kila mtu, ile degedege yenyewe, na kwa hilo kilipata jina lisilohitaji maelezo.

Tatizo ni kwamba kifafa ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye jina lake, dawa zake na hofu zake. Mahali pengi mtu akianguka kifafa, ukoo huanza kuulizana nani kamloga, na saa za kumwahisha hospitalini hupotea kwa mganga au kwenye maombi. Zaidi ya hapo, jina hili hutaja mwisho wa ugonjwa. Mwanamke ambaye hajaanguka husikia kifafa, akajitazama, akaona hakimhusu.

Kumbe ugonjwa ulianza zamani, kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha kondo hilo haikupanuka inavyopaswa katika miezi ya mwanzo. Kondo likikosa damu ya kutosha humwaga kemikali zinazojeruhi utando wa ndani wa mishipa ya mama. Hapo figo huvujisha protini, ini huumia, ubongo nao unaweza kuvimba. Ndiyo maana dalili za hatari zimetapakaa mwilini: kichwa kinachouma sana, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Miguu kuvimba peke yake haitoshi kuthibitisha chochote, kwani wajawazito wengi huvimba miguu, na anayesimama kutwa akichuma majani chai huona ni uchovu tu. Wengine hawana dalili hata moja. Mashine ya presha ndiyo shahidi wa kwanza.

Methildopa na nifedipini hushusha presha. Enalapril na losartani, ambazo watu wazima wengi wenye presha huzitumia, hazimfai mjamzito kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aliye katika hatari kubwa, kwa mfano aliyewahi kupata priklampsia, huweza kuandikiwa na daktari aspirini ya kipimo kidogo kuanzia karibu wiki ya 12. Sindano ya magnesiamu salfeti huzuia degedege. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kuwafuata wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya eklampsia kwa zaidi ya nusu.

Wataalamu wengi siku hizi husema presha ya ujauzito. Ni hatua njema, maana inataja kitu kinachopimika kabla ya mtu kuanguka. Lakini jina hilo nalo linakoma mtoto anapotoka, na wengi huamini ukishazaa, yamekwisha. Hayajaisha. Mara nyingi presha hupanda tena siku ya tatu hadi ya sita, wakati mzazi ameshatoka wodini na yuko nyumbani akipikiwa uji. Degedege inaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Ndiyo sababu presha ya uzazi ni istilahi bora: katika Kiswahili, uzazi hubeba mimba, kujifungua na siku za arubaini kwa pamoja.

Hata miili iliyozoezwa hainusuriki. Wanariadha Allyson Felix na Tori Bowie walishinda pamoja dhahabu ya Marekani ya mbio za kupokezana vijiti katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 Felix alipata priklampsia kali, akafanyiwa upasuaji wa kujifungua mimba ikiwa na wiki 32. Bowie alifariki mwaka 2023 akiwa na mimba kubwa, na eklampsia ilitajwa miongoni mwa matatizo ambayo huenda yalichangia kifo chake.

Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha. Kwa mzazi wa Borabu au Masaba Kaskazini, kipimo cha wiki ya kwanza baada ya kujifungua kinaweza kufanyiwa mlangoni pake. Na kisiwe cha mwisho: aliyepata priklampsia ana hatari takriban maradufu ya kuugua moyo au kupata kiharusi baadaye. Daktari atakayemwona miaka 10 mbele anahitaji kujua kama presha yake iliwahi kupanda wakati wa uzazi, na yeye ataweza kujibu ikiwa tu aliambiwa ugonjwa wake kwa jina alilolielewa.