Mtaa wa Mbotela na Wafanya Kazi wa Nairobi

Upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, jirani na Makongeni, upo mtaa uitwao Mbotela. Kusini yake, ng'ambo ya njia ya reli, ndiko viliko viwanda. Mpita njia asiyejua historia huona nyumba tu. Lakini ajuaye huona jinsi mji ulivyojengwa na watu ambao kwa miaka mingi hawakuhesabiwa kuwa wenyeji wake.

Nairobi ilizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika penye majimaji, mahali ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao, na hapo pakawekwa stesheni na karakana. Kazi ikavuta watu. Wahindi wakawa mafundi, makarani na wenye maduka. Waafrika wakachukua mizigo, wakachimba barabara, wakapika na kufua katika nyumba za Wazungu. Kila jamii ikapewa upande wake wa kukaa, na Waafrika wakapewa mashariki.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba anayefanya kazi nyumbani si mgeni tena. Serikali ya kikoloni iliipindua hekima hiyo. Ilimpa Mwafrika jembe siku ya kwanza, kisha ikaendelea kumwita mgeni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alilazimishwa kuchukua kipande, na bila hicho hakuweza kutembea wala kuandikwa kazi. Mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, na aghalabu makao yake yalikuwa nafasi ya kitanda tu. Mke na watoto walibaki kijijini wakijilimia chakula chao. Kwa hiyo shamba la kijijini lilisaidia kuendesha kiwanda cha mjini, na faida ikamwendea mwajiri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda viliongezeka, na mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000. Bei za vitu zilipanda kuliko mishahara. Mwezi wa Mei 1950, viongozi wa vyama vya wafanya kazi, Makhan Singh na Fred Kubai, walipokamatwa, mji uligoma kwa siku kadha, na wagomaji wakadai mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka 1954 kamati ya serikali, chini ya uongozi wa Carpenter, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mjini walioajiriwa na makampuni ya watu binafsi hawakupata hata fedha za kutosheleza mahitaji ya lazima. Kamati ikashauri kwamba mshahara umtoshe mtu pamoja na jamaa yake.

Ndipo katika miaka hiyo ya 1950 mtaa wa Mbotela ulipojengwa. Lakini tusisahau kwamba ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mjini na kupelekwa kizuizini, na wengi waliopata kazi zao walitoka Nyanza, Ukambani na kwingineko. Riziki ya mmoja ilitokana na msiba wa mwenzake.

Hata jina la mtaa lina huzuni yake. Tom Mbotela alikuwa mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, mpinzani wa Mau Mau, naye aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Baba yake, James Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa. Kwa hiyo mtaa wa wafanya kazi umebeba jina la ukoo uliojua kwa hakika maana ya kufanya kazi bila haki.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wengi zaidi waliingia mjini kuliko nafasi za kazi zilizokuwapo. Waliokosa ajira walijitengenezea: wakafua mabati Kamukunji, wakashona na kuuza nguo Gikomba. Watu wakaziita kazi hizo jua kali.

Basi, mwanafunzi, utakapoulizwa Nairobi ilijengwa na nani, usitaje magavana na wahandisi peke yao. Mtaje pia yule aliyelala penye kitanda kimoja, akaamka alfajiri kwenda kazini, akadai kuitwa mwenyeji.