Upasuaji wa Kupangwa Si wa Hiari

Mkulima wa viazi wa Ipelele, wilayani Makete, mkoani Njombe, anaweza kuishi na ngiri kwa miaka. Akinyanyua gunia inatokeza, akilala inarudi, basi kesho yake anakwenda shamba. Siku akifika hospitali, akapimwa na kuambiwa arudi baada ya mavuno apasuliwe, anaingia katika kundi ambalo Kiingereza hulitaja kwa neno lenye mzizi wa Kilatini wa kuchagua. Baadhi ya wafasiri wameufuata mzizi huo hadi mwisho na kuandika "upasuaji wa hiari".

Tafsiri hiyo inapotosha. Msomaji akisikia hiari hufikiria mtu anayetaka kunyooshewa pua. Kumbe humo wamo wenye mtoto wa jicho, tezi dume, uvimbe wa kizazi, hata saratani. Hawakuchagua ugonjwa, na tiba nyingine aghalabu hawana; kinachochaguliwa ni siku. "Upasuaji wa kupangwa" unalisema hilo waziwazi: kuna tarehe, kuna kitanda, kuna damu iliyokwisha kutafutwa. Mwenzake ni upasuaji wa dharura, ambao hauna tarehe.

Na kilichopangwa hupanguliwa.

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, aliyepatikana Arusha. Kesho yake hospitali za umma za England ziliagizwa kujiandaa kuahirisha upasuaji wote usio wa haraka kwa miezi 3 au zaidi, ili vitanda viachwe wazi. Watafiti wa mtandao wa CovidSurg, wenye makao Chuo Kikuu cha Birmingham, walikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele cha mlipuko upasuaji zaidi ya milioni 28 ungeahirishwa au kufutwa duniani. Haikuwa hofu tupu. Watafiti hao waliwafuatilia wagonjwa 1,128 katika nchi 24, wote wakiwa wamegundulika na virusi siku chache kabla ya kupasuliwa au ndani ya mwezi mmoja baadaye: karibu mmoja kati ya kila 4 alifariki ndani ya siku 30, wengi wao kwa matatizo ya mapafu.

Tanzania haikufunga watu majumbani. Mabasi yaliendelea kupita Makambako, njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea. Ila tarehe ya kupasuliwa huweza kupanguka bila waraka wowote: mgonjwa anaogopa wodi na kubaki nyumbani, muuguzi wa chumba cha upasuaji anaugua, mitungi ya oksijeni inahamishiwa kwenye wodi nyingine. Uganda mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Mwishoni mwa Machi 2020 magari binafsi yalipigwa marufuku, na mgonjwa alihitaji kibali cha mkuu wa wilaya ili asafirishwe.

Oksijeni ndiyo iliyogombewa mno. Mashine ya nusu kaputi inaitaka, na mgonjwa wa korona aliyebanwa kifua anaitaka usiku na mchana, mtungi baada ya mtungi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa yenyewe tayari ni nyepesi.

Sasa turudi kwenye ngiri. Ikikaa vibaya hunaswa: kipande cha utumbo kinabanwa, damu haifiki, na ndani ya saa chache kinaanza kufa. Upasuaji ambao ungechukua muda mfupi kwa ganzi ya mgongo unageuka kazi ya kukata utumbo usiku, kwa mgonjwa aliyekwisha kutapika na kuishiwa maji, aliyeletwa kwa bodaboda kwenye barabara ya milimani. Takwimu za kabla ya korona zinaonyesha uzito wa jambo hili. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, uliangalia hospitali 247 katika nchi 25. Zaidi ya nusu ya upasuaji ulikuwa wa haraka au wa dharura, na vifo vilikuwa mara 2 ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa walikuwa vijana zaidi. Karibu vifo vyote vilitokea baada ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji, yaani wodini, penye macho machache.

Korona ilileta pia upande wa pili wa kusubiri. Mwaka 2021 CovidSurg ilitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 140,000: aliyeugua korona ilikuwa afadhali asubiri wiki 7 kabla ya kupasuliwa, kwani kabla ya hapo hatari ya kufa ilikuwa kubwa zaidi. Kwa mwenye ngiri isiyouma, wiki 7 zinavumilika. Kwa mwenye saratani ya titi, kila wiki ina hesabu yake.

Hapo ndipo istilahi mbili zinapopungua. Uingereza hupanga upasuaji kwa ngazi 4, kuanzia wa papo hapo hadi ule wa tarehe iliyopangwa. Kiswahili cha hospitalini kinaweza kuongeza "upasuaji wa mapema" kwa wale wa katikati: si wa usiku huu, lakini si wa baada ya mavuno. Neno hilo likiandikwa kwenye faili, karani anayepangua ratiba wakati wa mlipuko atajua jina lipi lisiguswe.