Jina la Mchungaji

Leo tutazame jina la ukoo la Kifaransa: Pasteur. Maana yake ni mchungaji wa mifugo.

Hapo kale Mfaransa alikuwa na jina moja tu. Watu walipozidi, wenye majina sawa walitofautishwa kwa kazi, kwa mahali au kwa sura, na watoto wakayarithi majina hayo. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza aliamuru watoto wanaobatizwa waandikwe kitabuni. Tangu hapo kalamu ikaanza kuyalinda majina.

Hata hivyo, akina Martin ndio wengi kuliko wote Ufaransa, na akina Pasteur ni wachache. Tena jina lilipita kwa baba. Penye mabinti tu, lilikatika.

Louis Pasteur, mtaalamu wa vijidudu vya maradhi, alizaliwa Dole mwaka 1822. Binti yake Marie-Louise aliolewa na Bwana Vallery-Radot. Mtoto wao akajulikana kwa majina yote mawili: Pasteur Vallery-Radot. Tangu mwaka 2005 sheria ya Ufaransa inaruhusu mtoto apewe jina la mama.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni jina la ukoo wenu, na chini yake maana yake.