Mwenye Patasi na Mwenye Karatasi

Karne ya 16 kule Uingereza, ukitaka kujenga jumba humtafuti msanifu majengo. Hayupo. Unamwita fundi mwashi, mnaelewana ukubwa, unamwambia madirisha yawe kama ya jumba la fulani. Mengine anayo kichwani, kayapata kwa mikono tangu alipokuwa kijana chini ya fundi wake.

Halafu vikaja vitabu. Mwaka 1539, Pieter Coecke van Aelst wa Antwerp alitoa kwa Kiholanzi kitabu cha Mwitaliano Serlio, chenye michoro ya nguzo za Kirumi. Sasa tajiri aliweza kuweka kidole kwenye ukurasa na kusema: nataka hii. Fundi asiyeelewa mchoro, basi, kazi inampita.

Robert Smythson haikumpita. Mwaka 1568 alifika Longleat kuchonga mawe. Akajua kuchora pia, na michoro yake ipo hadi leo. Alipofariki mwaka 1614, kaburi lake huko Wollaton liliandikwa kuwa ni msanifu majengo na mpimaji. Mtu wa patasi! Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote.

Waliomfuata hawakupitia kwenye mawe. Inigo Jones alianza na mavazi na mapambo ya michezo ya ikulu, akaenda Italia kutazama, na mwaka 1615 akawa mkuu wa majengo ya mfalme. Banqueting House ya London, 1619 hadi 1622, inaitwa yake. Fundi mkuu wa waashi pale alikuwa Nicholas Stone. Uliwahi kumsikia?

Amsterdam ndiyo kali zaidi. Jacob van Campen, mtoto wa familia tajiri aliyesomea uchoraji wa picha, alibuni jumba la baraza la mji. Kazi ilianza mwaka 1648, juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope. Wanasema ni 13,659. Mwaka 1654 aligombana na wakubwa, akaondoka, na ujenzi ukaendelea bila yeye. Jina lake lilibaki. Magogo yamehesabiwa moja moja, lakini waliopigilia sijakutana na jina la hata mmoja.

Hapa kambini vijana wetu wanafyatua matofali safi kabisa, ila ramani inakuja imeshachorwa. Siku hizi Jumamosi ninawagawia rula na karatasi za daftari la hesabu. Juzi dada mmoja alichora nyumba ya mama yake, mlango akaugeuza upande ambao mvua haipigi.